Ngome ya Adui, Igwatala

Nchi yenyewe hatutaitaja. Si kwamba tunaogopa. Tumeombwa kwa upole tu, na walioomba walikuja na magari mawili. Itoshe kusema ni nchi nzuri, ina amani, na imekuwa na Rais mmoja kwa miaka thelathini na minne, jambo lililowapunguzia wananchi usumbufu wa kukariri majina.

Katika nchi hiyo kulikuwa na kijiji kiitwacho Igwatala, na mtendaji wake alikuwa mama wa makamo aliyeitwa Nyamizi. Ofisi yake ilikuwa chumba cha udongo chenye meza moja, muhuri mmoja na matundu mengi ya paa. Hapo ndipo alipokuwa ameketi asubuhi moja, akila kiazi kitamu, waraka wa Wizara ya Ulinzi ulipomfikia.

Waraka ulitangaza kwamba serikali imenunua ndege ya kivita. Ilikuwa moja, lakini ya kisasa kabisa: ndege hiyohiyo hupambana na ndege za adui angani, na hiyohiyo hushambulia majengo ya adui ardhini. Kwa mujibu wa wataalamu wa Wizara, taifa sasa lilikuwa na ndege mbili. Ndege hizo, yaani hiyo, ingeonyeshwa Sikukuu ya Taifa mbele ya Mheshimiwa Rais, na kwa ajili hiyo kilitafutwa kijiji cha kushambuliwa.

Watendaji wengi waliusoma ukurasa wa kwanza, wakafunga ofisi na kwenda msibani, ingawa siku hiyo hakuna aliyekuwa amefariki. Nyamizi hula taratibu, kwa hiyo aliwahi kuusoma ukurasa wa pili. Huko iliandikwa kwamba jengo la adui litajengwa na serikali yenyewe, la matofali ya kuchoma, bati jipya, madirisha ya vioo na tangi la maji, kwa kuwa ni aibu kwa ndege ya thamani ile kupiga kibanda. Tena wageni watakuwa Mheshimiwa Rais na mabalozi arobaini. Nyamizi akaacha kutafuna. Rais hapiti kwenye mashimo. Anapokwenda Rais, lami humtangulia.

Kutoka Igwatala hadi hospitali ya wilaya ni kilomita arobaini na saba za mchanga na makorongo. Miaka mitatu nyuma, mdogo wake Nyamizi, Kabula, aliwekwa juu ya baiskeli akiwa na uchungu wa siku mbili. Nyamizi aliisukuma baiskeli ile kwa mikono yake mwenyewe. Walifika kilomita ya thelathini na moja, Kabula akafa, na mtoto naye. Tangu siku hiyo hakuna kitu Nyamizi alichokitaka duniani kama barabara.

Akaitisha mkutano wa kijiji.

"Unasema tushambuliwe?" aliuliza Bi Ngolo, mkunga, mwanamke aliyezalisha nusu ya waliohudhuria na kuwagombeza nusu nyingine.

"Kidogo tu, Bi Ngolo. Na si sisi, ni jengo."

"Na barabara inabaki?"

"Barabara inabaki. Nani ataikunja aondoke nayo?"

Mikono ikanyooshwa. Barua iliandikwa kwa mwandiko wa kuinama: *Sisi wananchi wa Igwatala, kwa hiari yetu na tukiwa na akili timamu, tunaomba kushambuliwa.* Greda la kwanza lilipoonekana njiani, vijiji vingine sitini vilituma maombi kwa haraka, kimoja kikiambatanisha ushahidi kwamba kina maadui wa tangu enzi za mababu. Walikuwa wamechelewa.

*

Wa kwanza kuja kukikagua kijiji alikuwa rubani mwenyewe, Kapteni Lufingo, kijana mpole aliyebeba bereti mbili, ya bluu na ya kijani. Nyamizi akamkaribisha uji na kumuuliza kulikoni.

"Ni habari ndefu, mama," alisema Kapteni. "Ndege ilipofika, Jenerali Mpagaze wa Jeshi la Anga akasema ni yake kwa sababu inaruka. Jenerali Lugwisha wa Nchi Kavu akasema ni yake kwa sababu mabomu yanaangukia kwake. Wiki sita ndege imefungwa makufuli mawili. Mpaka Mheshimiwa akatoa uamuzi: ikipigana juu ni ya Mpagaze, ikipiga chini ni ya Lugwisha. Mgongo umepakwa bluu, tumbo kijani."

"Na wewe ni wa nani?"

"Inategemea bereti. Nikiwa huko juu nimemaliza kazi ya anga, nikitaka kushuka kushambulia, sharti nijikabidhi."

"Ujikabidhi kwa nani?"

"Kwangu. Naandika hati ya makabidhiano: mimi, Kapteni Lufingo wa Anga, namkabidhi Kapteni Lufingo wa Nchi Kavu ndege moja, ikiwa nzima. Nasaini kushoto, nasaini kulia. Kisha navua kofia ngumu, navaa bereti ya kijani, navaa tena kofia ngumu. Halafu naomba amri kwa Jenerali Lugwisha."

"Na adui akikupiga wakati unasaini?"

"Atakuwa amekiuka utaratibu," alisema Kapteni, akaomba kikombe cha pili.

Nyamizi hakucheka. Yeye mwenyewe aliwahi kunyimwa ufunguo wa ofisi kwa miezi minne kwa sababu hati ya makabidhiano ilikosa saini ya mtangulizi wake, ambaye alikuwa marehemu. Mwishowe ilibidi marehemu aandikiwe barua ya onyo.

*

Jengo lilianza kupanda. Mkuu wa Wilaya, Bwana Kihampa, alikuja kila Jumatatu kukagua ramani, akiwa na miwani ya jua na fimbo ya kuonyeshea vitu ambavyo kila mtu alikuwa akiviona.

"Adui lazima awe na hadhi," alisema. "Hatuwezi kumpiga adui maskini mbele ya mabalozi. Watasema tunaonea. Hapa ofisi ya adui, hapa ghala, hapa adui anakunywa chai."

"Mkuu," alisema Nyamizi kwa adabu, "na wanawake wa adui?"

"Wa nini hao?"

"Adui asiyezaa atakwisha mwenyewe, Mkuu. Tutakuwa tumenunua ndege ya bure."

Bwana Kihampa alitafakari, akavua miwani, akaandika pembeni mwa ramani: *Chumba cha kujifungulia, kimoja, chenye sinki.* Wakati huo Nyamizi hakuwa na hila yoyote. Alitaka tu kuona chumba kama hicho kikisimama Igwatala, hata kama ni kwa wiki mbili.

Lakini kilipokamilika akashindwa kupita bila kuingia. Kuta zilikuwa nyeupe. Ukifungua bomba, maji yalitoka. Wanakijiji walikuja jioni kwa vikundi, wakavua viatu mlangoni mwa ngome ya adui, wakagusa vigae kwa kidole, wakatoka.

Kisha mvua ya kwanza ikanyesha, na nyumba ya Bi Ngolo ikaingia maji hadi kwenye vifundo vya miguu. Siku hiyohiyo binti mmoja aitwaye Kalunde alishikwa na uchungu. Bi Ngolo akamshika mkono, akamwongoza moja kwa moja hadi kwenye jengo, akamwambia askari mlinzi asogee.

"Hii ni ngome ya adui, bibi!"

"Na huyu anayekuja humjui bado, huenda ndiye adui wenu. Sogea."

Mtoto alizaliwa saa nane mchana, wa kike, kwenye chumba kikavu chenye maji ya bomba. Katika wiki mbili zilizofuata wakazaliwa wengine wanne. Hakuna mama aliyekufa. Nyamizi alisimama mbele ya lile sinki, akalitazama, na akajua kwamba barabara haimtoshi tena. Alilitaka lile jengo. Alilitaka kwa uchungu uleule aliokuwa nao nyuma ya baiskeli.

*

Akaenda wilayani kwa lami mpya. Safari ya siku nzima ilimchukua dakika hamsini.

"Mama Mtendaji," alisema Bwana Kihampa baada ya kumsikiliza, "jengo lile limepitishwa kubomolewa. Halijapitishwa kutumiwa."

"Mkuu, zahanati tumeiomba miaka kumi na tisa."

"Na ombi lenu linashughulikiwa. Hili la kushambuliwa lilipata kipaumbele. Tena mlisema mna akili timamu, iko kwenye jalada."

"Jengo lipo tayari, Mkuu. Limesimama. Watoto wamezaliwa mle."

"Hilo sijalisikia," alisema Bwana Kihampa, akiangalia mlango. "Kama wamezaliwa ngomeni mwa adui, utanipa kazi ya kuulizia uraia wao. Nenda nyumbani, mama. Mkishasafisha kifusi, mtakuwa na kiwanja kizuri cha zahanati."

Alirudi akilia njia nzima. Barabara ilikuwa laini, haikumtikisa hata mara moja, na hilo lilimliza zaidi.

Alifika ofisini akaketi. Kwa kuwa macho lazima yatue mahali, yalitua ukutani, kwenye picha ya Mheshimiwa Rais. Katika nchi ile hakuna ofisi, duka wala kinyozi asiye na picha hiyo. Igwatala haikuwahi kupata dawa kwa wakati, lakini kila mwaka ilipata boksi la picha mpya, na chini ya meza ya Nyamizi zilikuwapo kumi na moja ambazo hazijafunguliwa. Nyuma ya kila picha kuna karatasi iliyobandikwa, yenye Sheria ya Heshima ya Sura. Nyamizi alikuwa ameipuuza miaka yote kama tunavyofanya sote. Siku hiyo akaigeuza picha ikiwa bado msumarini, akaisoma.

Kifungu cha kwanza kilisema mtumishi yeyote wa serikali anaweza kuitundika picha popote pale. Cha pili kilisema atakayeichana, kuichoma, kuivunja au kusababisha ivunjike, amehaini. Cha tatu kilisema picha ikishatundikwa haitashushwa na mtu yeyote, wa cheo chochote, isipokuwa siku atakapoapishwa Rais mwingine.

Nyamizi akafungua boksi. Akachagua kubwa kuliko zote, akaazima nyundo.

Kesho yake sajenti wa ukaguzi alipita kwenye jengo, chumba baada ya chumba, akihakiki kwamba adui yuko tayari. Alipofika chumba cha kujifungulia alimkuta Mheshimiwa akitabasamu juu ya sinki. Sajenti akakakamaa, akapiga saluti, akarudi kinyumenyume hadi nje. Alifikiri kidogo. Akitoa taarifa ataulizwa achukue hatua gani, na kila hatua aliyoiwaza iliishia kitanzini. Kwa hiyo aliandika: *Jengo liko sawa*, akaomba likizo ya kuuguza.

*

Siku ya Sikukuu mabalozi arobaini waliketi chini ya turubai, Mheshimiwa Rais akaketi kwenye kiti kilichokuja na lori lake. Waziri wa Ulinzi alisoma hotuba ya kurasa ishirini na mbili iliyoanza na uumbaji wa dunia na kufika kwenye ndege ukurasa wa ishirini na moja.

"Taifa letu," alinguruma, "linapenda amani kiasi kwamba liko tayari kuipiga bomu nyumba yoyote ili kuithibitisha!"

Makofi. Kapteni Lufingo akapita juu na bereti ya bluu, akalipasua puto jekundu la adui kwa pigo moja, safi kabisa, hata mabalozi wakasahau kutafsiriwa. Jenerali Mpagaze akavimba kifua. Ndege ikapanda mbali, ikaanza kuzunguka taratibu, na wajuzi wakatambua kwamba rubani anasaini.

Mshereheshaji akaujaza muda huo kwa kumwita Mtendaji wa Kijiji asome risala.

Karatasi ya Nyamizi haikutetemeka, kwa sababu alikuwa ameibandika juu ya ubao. Alimshukuru Mheshimiwa kwa barabara, kwa hewa, na kwa kuwakumbuka walipoomba kushambuliwa. Kisha akafika mstari wa mwisho.

"Mheshimiwa Rais, sisi wanao wa Igwatala, kwa mapenzi tuliyo nayo kwako, tumeitundika picha yako kubwa ndani ya jengo lile pale, chumba cha kujifungulia, juu ya sinki, ukiwa umeuelekea mlango."

Makofi yalipigwa kwanza, maana picha ikitajwa lazima yapigwe. Maana ya maneno ikafuata baadaye, ikapita safu ya mbele kiti kwa kiti. Waziri alikuwa akipiga makofi akiwa tayari mweupe midomoni.

Mheshimiwa aliinama mbele. "Ipi hiyo? Ile ya suti ya kijivu?"

"Hiyohiyo, Mheshimiwa."

"Ile nimetoka vizuri," alisema Mheshimiwa, akaegemea kiti. "Haya, ndege ipige sasa. Njaa inauma."

Redio ya jukwaani ikakwaruza. "Kapteni Lufingo wa Nchi Kavu hapa. Makabidhiano yamekamilika, bereti ya kijani nimevaa. Jengo naliona. Naomba amri."

Jenerali Lugwisha akakitazama kile kipaza sauti, akakisukuma upande wa mwenzake. "Ndugu yangu Mpagaze," alisema kwa upendo ambao haujawahi kuonekana kati yao, "nimekuwa nikitafakari. Ndege ni yako. Ukweli ni kwamba inaruka."

"Usinivunjie heshima, kaka," alijibu Jenerali Mpagaze, akakirudisha. "Mabomu yanaanguka chini, na chini ni kwako. Mimi ni mtu wa mawingu."

"Naomba amri," ilisema redio.

"Picha itolewe kwanza," Waziri alinong'ona. "Kihampa! Nenda kaitoe!"

Bwana Kihampa alipiga magoti kabisa. "Mheshimiwa Waziri, mimi naijua ile sheria, ninayo nyuma ya mlango wa choo changu. Picha inashushwa tu siku ile ambayo..." Hapo akagundua sentensi inakoelekea. Akafunga mdomo kwa mkono. Waziri naye alikuwa ameufuata mwendo wake hadi mwisho, na Majenerali pia, na wote wanne wakamgeukia Mheshimiwa wakitabasamu, kila mmoja akiomba asionekane anawaza siku ile.

Nyamizi alikuwa bado amesimama na ubao wake, hatua sita kutoka hapo. Aliyasikia yote. Aliliangalia jengo, akaiangalia ndege.

"Naomba amri," redio ilisema tena. "Mafuta yananiishia."

"Rudi kwenye bluu!" Jenerali Lugwisha alifoka.

"Nijikabidhi upya?"

"Jikabidhi!"

Ndege ikanyanyuka, ikageuka, ikaenda zake na mabomu yake yote. Mabalozi wakaligeukia jengo. Ndipo mshereheshaji, ambaye serikali ilimwajiri kwa nyakati kama hizi, akavuta pumzi.

"Mabibi na mabwana! Mlichokiona ni kwamba hamkuona kitu! Adui ameshambuliwa kwa siri, na mpaka sasa hana habari!"

Mheshimiwa alikodoa macho. "Mbona jengo limesimama?"

"Ndiyo siri yenyewe, Mheshimiwa," alisema Waziri.

Mheshimiwa akatikisa kichwa kwa kuridhika. Balozi mmoja aliuliza bei.

*

Wiki tatu baadaye barua ililetwa kutoka Wizara ya Ulinzi, ikiwa na mihuri ya Majenerali wote wawili. Ilisema kwamba ngome ya adui ya Igwatala bado ni ngome ya adui, na shambulizi halijafutwa. Limeahirishwa hadi siku ambayo picha itashushwa kihalali. Siku hiyo hiyo, kabla ya machweo, ndege itakuja kumalizia kazi. Kwa sasa Mtendaji alitunze jengo.

Nyamizi akalitunza. Bi Ngolo alihamia na beseni zake. Wakaguzi wa Wizara ya Afya, walipopita na kuiona picha, wakajua hiyo ni ofisi ya serikali, wakaleta muuguzi na kitanda cha pili. Mwaka wa kwanza walizaliwa watoto mia moja na kumi na wanane, na kila asubuhi muuguzi aliipangusa picha kwa kitambaa safi, akikagua na msumari.

Uchaguzi ulipofika, wasimamizi walikuja Igwatala na masanduku ya kura yaliyokwisha kujazwa, kama ilivyo desturi. Wakayakuta ya kijijini yamejaa yenyewe, kura zote kwa Mheshimiwa, hakuna hata moja iliyoharibika. Hawakuwahi kuona jambo kama hilo, wakaandika taarifa ya wasiwasi.

Sasa Mheshimiwa ana miaka themanini na sita. Jumapili iliyopita alikuwa akifungua mkutano wa mipango, na redio ya Nyamizi ilikuwa imewekwa dirishani mwa jengo kama kawaida, wanawake wenye mimba wakiwa wamekaa barazani wakimenya karanga. Katikati ya hotuba Mheshimiwa akakohoa. Akanyamaza kidogo, akakohoa tena, kwa muda mrefu, kikohozi kizito cha kifuani.

Barazani hakuna aliyemenya. Bi Ngolo alitokea mlangoni, mikono ina sabuni. Ndani, mama aliyekuwa akisukuma akaacha kusukuma, akasikiliza.

Nyamizi alimchukia mtu yule. Alimchukia kwa kila kilomita kati ya zile thelathini na moja, na chuki hiyo haikuwa imepungua hata chembe. Alisimama, akaishika redio kwa mikono yote miwili, akaipigia kelele huku machozi yakimtoka:

"Mpeni maji! Nyie mliokaa hapo mnamtazama, mpeni maji!"